Siku Nzima Ngomeni: Jinsi ya Kuipeleka Familia Fort Jesus na Bustani ya Mama Ngina

Wengi wetu tuliozaliwa Mombasa tumeingia Fort Jesus, ngome ya kale ya Wareno, mara moja tu maishani, tukiwa na sare za shule, tumeshikana mikono wawili wawili, mwalimu anahesabu vichwa. Tukatoka na daftari lenye mwaka 1593 na jina la Mreno, basi. Baada ya hapo ngome ikawa mahali pa kupita ukienda kortini au Mji wa Kale. Mwongozo huu ni wa mzazi anayetaka watoto wake waijue ngome kama wanavyoijua nyumba ya nyanya yao: wapi pana kivuli, wapi pana kisima, nani aliishi humo na nani alifukuzwa.

Mara ya kwanza kuwapeleka wanangu, mambo yaliharibika. Ilikuwa Januari, kaskazi imekolea, tukafika saa sita mchana na chupa moja ya maji kwa watu sita. Mdogo alikuwa na miaka minne. Tulipopanda juu ya ukuta, jiwe lilikuwa linachoma hata kupitia ndara. Akakaa chini akagoma, analia kiu, na maji tulishayamaliza langoni. Tulitoka baada ya dakika arubaini bila kuona hata nusu.

Usiku ule nilikaa nikasoma upya habari za ngome, nikakuta kwamba Wareno na wenzao waliokuwa ndani yake walishindwa na mambo yale yale. Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, miezi 33. Kilichowamaliza waliokuwa ndani ni maradhi na njaa zaidi kuliko mizinga. Kufikia mwisho walibaki watu wachache mno, hata ukuta haukuwa na wa kuulinda. Meli za msaada kutoka Goa, makao makuu ya Wareno huko India, zilifika siku chache baada ya ngome kuanguka, zikakuta bendera ya Oman inapepea juu, zikageuza.

Tangu hapo safari ya ngome naipanga kwa mambo matatu: maji, kivuli na chakula. Hayo yakikaa sawa, watoto wenyewe watakuuliza habari za Wareno.

Hatua ya 1: Chagua msimu, kisha siku, kisha saa

Msimu mzuri ni wa kusi, hasa Julai hadi Septemba. Upepo unatoka baharini, jua ni la kuvumilika, na mawe hayashiki moto mapema. Kaskazi, yaani Desemba mpaka Machi, si vibaya, lakini lazima uwe umeshatoka juani ifikapo saa nne na nusu. Masika ya Aprili na Mei mvua hunyesha kwa ghafla, na miteremko ya ndani ya ngome huteleza.

Siku za kazi asubuhi, shule zikiwa zimefunguliwa, utakutana na mabasi ya wanafunzi. Ni furaha kuwaona, ila mtoto wako hatasikia neno. Jumamosi na Jumapili mapema ndizo siku zangu. Ijumaa ni nzuri kwa ngome lakini si kwa Mji wa Kale, kwa kuwa kuanzia saa sita maduka hufungwa watu wakaenda kusali. Ramadhani pia ingia mapema, na ujue kwamba mchana huko mjini hutapata mahali pa kula kwa urahisi. Beba chakula cha watoto na uwatafutie pembe ya staha.

Lango hufunguliwa saa 2 asubuhi na hufungwa saa 12 jioni. Uwe hapo saa 2. Kwa saa moja ya kwanza unaweza kuwa karibu peke yako na ngome nzima, na jua la wakati huo linaupiga ukuta kwa ubavu hata ile rangi yake ya udongo inang'aa.

Hatua ya 2: Funga kikapu usiku

Maji lita moja kwa kila mtu, na si pungufu. Chupa za watoto zigandishe usiku, zitakuwa zinayeyuka taratibu hadi mchana. Kofia kwa kila kichwa. Leso mbili: moja ya kutandika, moja ya kujifunika jua au kumfuta mtoto. Viatu vilivyofungwa, maana ngazi zimelika katikati kwa miguu ya karne nne na ndara zinakwama. Matunda yasiyovuja: ndizi na machungwa yaliyokwisha kumenywa. Mahamri na mbaazi kuleni nyumbani kabla ya kutoka, kwa sababu mtoto aliyeshiba hatakuuliza habari ya chakula mpaka saa tano.

Weka pia penseli na daftari lisilo na mistari kwa kila mtoto anayejua kushika penseli. Nitaeleza baadaye kwa nini.

Bebeni vitambulisho. Bei ya raia wa Kenya, ya wakaazi wa Afrika Mashariki na ya wageni wa mbali si moja, na watoto wana yao. Siku hizi malipo ni kwa simu kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Lipeni nyumbani mkiwa na mtandao mzuri, mkifika mwoneshe tu. Nimeona familia nzima imesimama juani baba akihangaika na simu isiyo na chaji, na watoto wameshachoka kabla ya kuingia.

Hatua ya 3: Kufika

Matatu nyingi za kaskazini, za Bamburi, Kisauni na Mtwapa, zitakushusha maeneo ya Posta. Kutoka Likoni vukeni kwa feri kisha mpande matatu ya mjini. Kutoka hapo tuktuk moja inawabeba watu wazima watatu na mtoto wa kupakata. Mwambie dereva "Ngomeni" na atajua. Wenye miguu washuke Barabara ya Nkrumah hadi Treasury Square, wapite chini ya miti ya ile bustani ndogo, na baada ya hapo ukuta utauona mbele yako.

Anayekuja na gari lake aegeshe nje ya Mji wa Kale. Vichochoro vile havikujengwa kwa magari.

Hatua ya 4: Simama nje kwanza

Hapa ndipo watu wengi hukosea, wanakimbilia lango. Nje pana mizinga miwili inayostahili robo saa. Mmoja ulitoka katika manowari ya Kijerumani Königsberg, wa pili katika manowari ya Kiingereza Pegasus. Tarehe 20 Septemba 1914 Königsberg iliikuta Pegasus imetia nanga Unguja, mitambo yake ikitengenezwa, ikaipiga mpaka ikazama. Mwaka uliofuata Königsberg nayo ikapigwa na Waingereza ilipokuwa imejificha katika delta ya Rufiji, na Wajerumani wakaizamisha wenyewe. Mizinga ikaokolewa, na leo hiyo miwili iliyotoka kwa maadui imekaa pamoja mbele ya ngome moja, watoto wanaipanda. Mwanangu wa pili aliuliza, "Sasa nani alishinda?" Nilimwachia swali lake akae nalo.

Kisha waelekezeni macho ukutani. Ngome hii ilijengwa kati ya 1593 na 1596 kwa amri ya Mfalme Philip wa Pili wa Hispania, ambaye wakati huo alitawala Ureno pia. Aliyeichora ni Giovanni Battista Cairati, Mtaliano wa Milano. Ukitazama picha yake iliyopigwa kutoka angani inafanana na mtu aliyelala chali, ana kiwiliwili, mikono na miguu. Waoneshe picha hiyo kwenye simu hapo nje, kabla ya kuingia, kisha wape watoto kazi: wakiwa ndani wakwambie tumefika kwenye mkono au mguu. Kwa kazi hiyo moja watatembea ngome nzima bila kusukumwa.

Buruji zake nne, yaani zile pembe nene za ukuta zilizotokeza nje, zina majina ya watakatifu. San Filipe na San Alberto zinatazama bara. San Matias na San Mateus zinatazama baharini. Lango liko karibu na San Matias.

Hatua ya 5: Ingia taratibu, na utumie jua la asubuhi juu ya kuta

Juu ya lango pana maandishi ya Kireno yanayomsifu Francisco de Seixas de Cabreira, aliyefanywa kapteni wa ngome mwaka 1635 akiwa na umri wa miaka 27, na aliyeifanyia ukarabati. Nikiwa na vijana wa sekondari huwa nasimama hapo. Wakisikia kwamba mtu wa miaka 27 alikabidhiwa ngome hii wanakaa kimya kidogo.

Kuna waongozaji langoni. Ukimchukua mmoja, patana naye bei na muda kabla ya kuanza, na umwambie mapema kwamba una watoto na ungependa visa vitano vizuri kuliko tarehe hamsini. Waongozaji wazuri hufurahi kuambiwa hivyo. Mwenye watoto chini ya miaka sita anaweza kwenda mwenyewe tu.

Kuanzia hapo fuata kanuni hii: asubuhi juu, mchana ndani. Pandeni kuta na buruji kwanza, kabla jiwe halijashika moto, na vyumba vyenye paa viwe vya baadaye. Wageni wengi hufanya kinyume kwa sababu makumbusho iko katikati na inawavuta, kisha wanapanda ukutani saa sita.

Juu ya kuta shikeni watoto. Sehemu nyingine ukingo ni mfupi kuliko mtoto wa miaka kumi, na chini yake ni mwamba. Mimi hugawa: kila mtu mzima ana mtoto wake wa kushika, hata awe mkubwa kiasi gani.

Upande wa bahari tafuteni mahali pa kukaa mtazame mlango wa bandari ya kale. Kama maji yamekupwa mtaona wazi kwamba ngome haina msingi wa kuchimbwa kama wa nyumba: imekaa juu ya mwamba wenyewe wa matumbawe, huwezi kujua mwamba umeishia wapi na ukuta umeanzia wapi. Hapo ndipo namwambia mtoto aweke kiganja chake kwenye jiwe. Asilipapase haraka. Aweke, atulie, kisha atazame chini ya vidole. Ataona vishimo vidogo vilivyopangana kama sega la nyuki, mahali pengine mistari inayotoka katikati kama nyota, na ukibahatika, kombe zima limekaa ndani ya jiwe. Hili jiwe liliwahi kuwa kitu hai chini ya maji. Binti yangu aliweka karatasi ya daftari juu ya jiwe akasugua kwa ubavu wa penseli, nyota ile ikatokea kwenye karatasi. Anayo mpaka leo. Ndiyo sababu ya penseli.

Hatua ya 6: Kisima, birika na njia ya baharini

Nikiambiwa nichague sehemu moja tu ya ngome, nitachagua hii. Ndani pana kisima cha futi 76, takriban mita 23, kilichotobolewa kwenye mwamba. Kimo hicho ni cha minazi miwili iliyopandiana. Na baada ya kazi yote hiyo, maji yakatoka ya chumvi, ya kuogea na kufulia. Pana pia birika la kukusanyia maji. Waache watoto wakisie: watu waliofungiwa humu miezi 33 walikunywa nini mvua isiponyesha? Mmoja atasema bahari. Mwache, wenzake watamrekebisha.

Karibu na upande wa bahari pana njia iliyokatwa ndani ya mwamba, yenye matao, inayoshuka hadi majini. Kwa njia kama hizi ngome ilipata vyakula na watu kutoka kwenye vyombo bila kufungua lango la bara. Nyinyi mtashuka kidogo tu, lakini ubaridi wake mtausikia shingoni mara moja. Ni kivuli bora kuliko vyote humo ndani. Kaeni hapo, nyweni maji, na usimulie habari ya Bwana Daud.

Katika mwaka 1697 maradhi yalikuwa yameua karibu Wareno wote wa ngomeni. Aliyebaki akiishikilia ngome kwa niaba yao alikuwa Mswahili, Bwana Daud wa Faza, pamoja na kundi dogo la watu wake na wengine wachache, mpaka meli za Goa zilipofika Septemba. Vitabu vingi vya shule vinasimulia mazingiwa haya kama ugomvi wa Mreno na Mwarabu. Ukweli ni kwamba Waswahili walikuwa pande zote mbili, kila mji na hesabu zake: Faza ilikuwa na sababu zake, Mombasa zake, Pate zake. Mtoto wa pwani anastahili kulisikia hilo mapema, kwamba wazee wake walikuwa watu wenye maamuzi na hawakukaa tu wakitazama wageni wakipigania mji wao.

Hatua ya 7: Ifikapo saa nne na nusu, ingieni ndani

Nyumba ya Waomani iko juu ya buruji ya San Filipe, na ndiyo njia nzuri ya kutoka juani. Ndani mna vito, silaha na vyombo vya nyumbani, na nje yake unaona mapaa ya Mji wa Kale yamebanana mpaka majini. Nyanya yetu, ambaye ngazi zimemshinda, tulimwacha chini kivulini akatupungia leso, nasi tukampigia picha za kila chumba. Usiwalazimishe wazee kupanda. Chini pana nafasi za kutosha za kukaa, na wao mara nyingi wana visa ambavyo hakuna mwongozaji anavyo. Ngome ilikuwa jela kuanzia 1895 hadi 1958, na wako wazee wa Mombasa wanaokumbuka wafungwa wakitolewa kwenda kufanya kazi mjini. Mpe mzee kiti, umpe na wajukuu.

Makumbusho katikati ilifunguliwa 1962. Msijaribu kuisoma yote. Kwa familia nachagua vitu vitatu. Kwanza vyombo vya udongo na kauri: sahani za Kichina zilizosafiri bahari yote hiyo, ambazo wazee wetu walizipenda kiasi cha kuzipachika kwenye kuta za misikiti na makaburi. Pili, mabaki ya San Antonio de Tanna, merikebu ya Kireno iliyokuja kuisaidia ngome wakati wa mazingiwa na ikazama hapo hapo chini ya kuta mwaka 1697. Wapiga mbizi walianza kuichimbua 1977. Baada ya watoto kutoka kuyatazama maji yale yale dakika chache zilizopita, kukiona kitu kilichokaa ndani yake miaka 280 kunawasimamisha. Tatu ni michoro ya Wareno ukutani: merikebu, watu, samaki, iliyochorwa na askari au mabaharia waliokuwa mbali na kwao na hawana la kufanya. Hapo toeni daftari tena. Kila mtoto achore chombo alichokiona asubuhi baharini. Usisahihishe.

Na mifupa ya nyangumi iko. Mtoto wa miaka mitatu hatakumbuka kitu kingine chochote cha siku hiyo, na ni haki yake.

Kisa kimoja cha mwisho, mkikaa karibu na masalio ya kanisa. Yusuf bin Hasan alikuwa mtoto wa sultani wa Mombasa. Baba yake aliuawa kwa njama za Wareno, naye akiwa bado mdogo akapelekwa Goa, akalelewa na mapadri, akabatizwa, akaitwa Dom Jerónimo Chingulia. Alipokuwa mtu mzima wakamrudisha awe mfalme wao wa Mombasa. Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni, akautwaa mji na kurudi kwenye Uislamu. Jeshi lililotumwa kutoka Goa likashindwa kumtoa. Mwaka 1632 aliondoka kwa merikebu, akamaliza maisha yake akiwinda meli baharini. Simulieni kisa hiki kwa ukamilifu, na damu yake pia, maana waliouawa hawakuwa askari peke yao. Wangu wakubwa walibishana njia nzima ya kurudi kama Yusuf alikuwa shujaa. Mabishano hayo ya ndani ya tuktuk yaliniridhisha kuliko tikiti yote.

Hatua ya 8: Chakula, sala, na kichochoro kimoja

Saa tano na nusu tokeni. Hapo nje kuna madafu. Mnywe, kisha muombe mwuzaji awapasulie mle na nyama yake. Kwa chakula kizito, ingieni Mji wa Kale kwa Ndia Kuu, barabara inayoanzia karibu na ngome. Neno lenyewe "ndia" ni Kimvita cha njia, na ni vizuri watoto walione limeandikwa kwenye kibao. Wali wa nazi na samaki, pilau, viazi karai vyenye ukwaju, mtapata. Waliobeba chakula kutoka nyumbani watandike leso chini ya miti nje ya ngome, wakusanye taka zao zote.

Wanaosali wataukuta Msikiti wa Mandhry humo humo Mji wa Kale, unaohesabiwa kuwa wa mwaka 1570, maana yake ulikuwapo hapo zaidi ya miaka ishirini kabla ya ngome kuanza kujengwa. Mnara wake mweupe mnene unaoneka kwa mbali.

Na watoto wadogo, isizidi kichochoro kimoja siku hiyo. Tazameni milango ya nakshi na roshani za mbao, mrudi. Watu wanaishi humo: msipige picha za wanawake barazani bila kuomba, na salamu ianze kwenu. Mji wa Kale unataka siku yake peke yake.

Hatua ya 9: Jioni, Bustani ya Mama Ngina

Mchana mkali, kati ya saa saba na saa tisa, mwenye jamaa mjini aende akapumzike kwake. Huo ndio utaratibu wetu, na nyumba ya shangazi yenye pangaboi haina mshindani. Asiye na jamaa atafute mkahawa wenye kivuli, wadogo walale.

Saa tisa na nusu chukueni tuktuk hadi Mama Ngina, safari fupi tu. Wenyeji wengi bado tunapaita Lighthouse. Bustani ilitengenezwa upya na kufunguliwa 2019, ikawekwa njia za kutembea na viti, na kwa bahati njema mibuyu ikaachwa. Anzeni na hiyo mibuyu. Upande huu wa kisiwa ndiko ulikokuwa mji wa kale wa Tuaka, wa watu wa Kilindini, nao umeondoka, ila mibuyu imesimama. Mbuyu mmoja wetu tulijaribu kuuzungushia mikono: watu wazima watatu na watoto wanne, na bado pakabaki nafasi ya mtu.

Hapa waachieni watoto. Asubuhi nzima umewaambia usipande, usikimbie, usiguse, sasa ni zamu yao. Wazee wapate kiti kinachotazama bahari. Mihogo ya kukaanga iliyopasuliwa katikati ikatiwa chumvi, pilipili na ndimu, achari ya embe, mabuyu mekundu yanayowatia watoto rangi kwenye midomo, vyote vipo hapo na bei zake za kawaida. Kwa watoto mwombe mwuzaji asitie pilipili kabla, atawatilia ndimu tu.

Tazameni meli zinazoingia bandari ya Kilindini. Zinapita karibu mno, hata mtoto anaweza kusoma jina la chombo ubavuni. Mlango huu ndio mkuu sasa, na ule wa ngome umebaki wa majahazi na mashua. Waulize watoto, kama wao ndio wangekuwa na kazi ya kujenga ngome leo, wangeijenga wapi.

Onyo moja: ukuta wa bahari si wa kukalia watoto wadogo. Chini ni mawe, na mawimbi ya kusi yana nguvu.

Hatua ya 10: Kurudi

Wanaorudi Likoni waondoke kabla ya saa kumi na moja, kwa sababu baada ya hapo watu wote wa mjini wanarudi na feri hujaa. Waenda kwa miguu hawalipi, lakini husukumana kwenye mteremko wa kuingilia. Mdogo abebwe mgongoni kwa ile leso ya pili, wakubwa washikwe mkono, na msikubali kutenganishwa geti likifunguliwa. Wa kaskazini wana nafuu kidogo, ila matatu za Posta nazo hujaza mapema Jumamosi.

Mtasubiri, hata mkiwahi. Na kiu ya watoto wakati wa kurudi ni kubwa kuliko ya asubuhi, kwa ile chumvi ya mihogo. Mimi huacha chupa moja ya maji chini kabisa ya kikapu, haijafunguliwa, kwa ajili ya hapo tu.